Siku tano Sumatra, mito miwili na chupa moja ya cuko

Semina yetu ya mwani Jakarta iliisha Ijumaa, tiketi yangu ya kurudi Unguja ilikuwa ya Alhamisi, kwaiyo nikabaki na siku tano mkononi na posho iliyokuwa inakata roho. Wenzangu wote wakakimbilia Bali. Mie Bali sikuwa na hamu nayo, picha zake nishaziona mpaka nimechoka, alafu kuna dada mmoja tuliyekuwa naye semina, mzaliwa wa Palembang, akanambia njoo kwetu ukaone mto. Nikamuuliza kuna nini zaidi ya mto, akacheka, akasema kuna mto na kuna pempek, na zamani kulikuwa na mashehe wa Kibudha elfu moja. Mashehe ndo neno langu mie, yeye alisema biksu, ila nyote mshanielewa.

Kabla sijaenda mbali niwaeleze kidogo kwa wale ambao kama mie shuleni tuliruka ukurasa huo. Sumatra ni kisiwa kikubwa mno cha Indonesia, ikweta inakikata katikati, na kuanzia karne ya 7 mpaka kama ya 13 kulikuwa na dola hapo ikiitwa Srivijaya. Dola ya majini. Haikuwa na shida ya kumiliki mashamba makubwa, ilikuwa inamiliki njia, yaani Mlango wa Malacca, chombo chochote kinachotoka China kwenda India au Uarabuni lazima kipite mlangoni kwao na kilipe. Wafalme wake walikuwa Wabudha na pesa ya ushuru ikajenga vyuo vya dini. Alafu ikafa ikasahauliwa kabisa, wenyeji wenyewe wakawa hawana habari nayo, mpaka mwaka 1918 Mfaransa mmoja, George Coedès, alipokaa akaunganisha maandishi ya mawe na vitabu vya Kichina na vya Waarabu akasema jamani hili neno si jina la mfalme kama mlivyokuwa mnadhani, hili ni jina la ufalme mzima. 1918! Babu yangu alishazaliwa.

Basi Jumamosi asubuhi nikapanda ndege, saa moja tu umefika. Palembang wana treni ya juu inayokuchukua uwanja wa ndege mpaka mjini, walijengewa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya 2018, safi, ina kiyoyozi cha kukugandisha, na abiria tulikuwa wa kuhesabika. Ilikuwa Januari, msimu wa mvua, joto lile la kunata ambalo mtu wa Unguja analijua vizuri, nikajisikia nipo nyumbani isipokuwa hakuna upepo wa bahari.

Kitu cha kwanza unachokiona ni daraja. Ampera, jekundu, lina minara miwili mirefu kama milango ya mtu mkubwa asiyekuwepo. Walilijenga kwa pesa ya fidia ya vita kutoka Japani, likafunguliwa 1965, na zamani kipande cha katikati kilikuwa kinanyanyuka ili meli zipite, ila kunyanyua kulichukua muda na foleni ya magari ikawa haivumiliki, mwaka 1970 wakaacha. Chini yake ndo Musi wenyewe, mto wa kilomita kama 750, rangi ya chai ya maziwa iliyozidi majani.

Sasa mie nilikuja na picha kichwani. Nikisikia mji wa kale wa Kibudha nawaza mahekalu ya mawe, ngazi, sanamu zimejaa kuvu. Nikamwambia kijana wa bodaboda (wao wanaita ojek) nipeleke kwenye magofu ya Srivijaya. Akanitazama kama nimemuuliza njia ya mwezini. Akaniuliza, Ibu, magofu yepi? Mwisho akanipeleka Bukit Siguntang, maana yake kilima cha Siguntang, kilima chenyewe hakifiki mita 30, kwetu Pemba hicho tungekiita kichuguu na tungelima muhogo juu yake. Lakini hapo ndo mahali patakatifu, sehemu kavu pekee katika mji mzima wa tope, na hapo ndo ilipatikana sanamu ya Budha ya granaiti ya mita 2.77. Sanamu sasa ipo kwenye makumbusho ya Sultan Mahmud Badaruddin II kule chini mtoni. Nikaenda kuiona. Imesimama, uso umelika na wakati, na watoto wa shule waliokuja siku ile walikuwa wanapiga selfi na mie kuliko na Budha, maana Mwafrika aliyevaa mtandio ni kitu kipya kuliko granaiti ya miaka elfu.

Nikarudi gesti nimenuna kidogo. Nikasema ndo hivi tu?

Kesho yake alfajiri ndo nikaelewa. Gesti yangu ilikuwa upande wa pili wa mto, na nilipotoka nje baada ya Sala ya Asubuhi nikaona magugu yanaelea, yale magugu ya maji yenye maua ya zambarau, yanakwenda juu. Juu, kuelekea bara! Nikafikicha macho. Mama mwenye gesti alikuwa anafagia nikamwonesha kwa mkono, akanambia pasang, maji yanajaa. Palembang iko mbali na bahari, unaweza kusafiri nusu siku kwa boti hujafika pwani, lakini maji ya bahari yanausukuma mto mpaka pale mjini, unajaa na kupwa kama Mtoni kwetu. Na mbele ya macho yangu kulikuwa na nyumba za mbao zimejengwa juu ya maboya ya magogo na mianzi, rumah rakit wanaziita, zimefungwa kamba kwenye nguzo, zinapanda na maji na kushuka na maji, mtu ana jiko, ana kitanda, ana sufuria zimeanikwa, ana paka. Mwaka 1225 Mchina mmoja ofisa wa forodha, Zhao Rugua, aliandika kuhusu watu wa dola hii kwamba wanaishi wametawanyika nje ya ukuta wa mji au juu ya maji kwenye maboya yaliyoezekwa majani. Mwaka 1225, na mie naangalia nyumba ileile, tofauti ni dishi la satelaiti.

Kwaiyo magofu hayapo kwa sababu mji wenyewe haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa mbao, mianzi na makuti, uliishi juu ya maji, na vitu kama hivyo vikifa havibakishi gofu, vinazama.

Siku hiyo nikaenda kwenye bustani yao ya makumbusho, Taman Purbakala Kerajaan Sriwijaya, na huko sikujuta. Kuna mifereji ya kale iliyochimbwa kwa mkono na kuna nakala za mawe yenye maandishi (asili ziko Jakarta, ningejua ningeziona nikiwa kule). Jiwe la Kedukan Bukit ni dogo, halizidi begi la shuleni kwa kimo, lilipatikana 1920 kando ya kijito, na linasema kwamba mwaka wa Saka 604, ambao ni 682 wa kwetu, mkuu mmoja aitwaye Dapunta Hyang alipanda chombo, akatoka sehemu inaitwa Minanga na jeshi la watu elfu ishirini, shehena masanduku mia mbili ndani ya mitumbwi, na wengine 1312 wakatembea kwa miguu, wakafika wakiwa na furaha, akajenga makazi. Basi. Hiyo ndo cheti cha kuzaliwa cha Palembang, mji unahesabu umri wake kutoka hapo, zaidi ya miaka 1300. Nilipenda hiyo 1312. Mtu alihesabu waenda kwa miguu mmoja mmoja akaandika juu ya jiwe.

Jiwe jingine ni la Telaga Batu, hilo ndo lilinikalisha chini. Juu yake kuna vichwa saba vya nyoka aina ya swila vimepangana kama kofia, chini kuna maandishi mistari mingi, na chini kabisa kuna mdomo kama wa birika. Matumizi yake: ofisa akitaka kuapa utii kwa mfalme, maji yanamwagwa juu ya jiwe, yanapita kwenye maandishi ya laana, yanatoka mdomoni pale chini na yeye anayanywa. Kwetu tunasema kula yamini, wao walikunywa. Ukisaliti, maji yaleyale yanakuua tumboni. Na orodha ya wanaoapishwa ndo tamu yenyewe, wamo watoto wa mfalme, wamo mahakimu, makarani, manahodha, wafanyabiashara, mpaka madobi wa mfalme. Madobi! Nikacheka peke yangu, ila ukifikiri vizuri yule mfalme alikuwa na akili, maana dobi ndo mtu anayejua siri za nyumba yoyote.

Kuna pia mabaki ya vyombo vya baharini vya wakati huo, mbao zilizounganishwa kwa kushonwa na kamba za nyuzi nyeusi za jamii ya mnazi. Hapo nikasimama muda mrefu. Wale wa umri wangu Unguja mnaukumbuka ule mtepe uliokuwa Beit el Ajaib kabla jengo halijaporomoka 2020, chombo cha mbao za kushona, hakina msumari. Sisemi mtepe umetoka Sumatra wala wao wamejifunza kwetu, bahari yote hii ilikuwa inashona tu. Huko karibu na kisiwa cha Belitung, mashariki ya Sumatra, mwaka 1998 ilipatikana meli iliyozama karne ya 9, ya Kiarabu, ya kushona, imebeba vyombo vya udongo vya China kama elfu sitini, na wataalamu walipopima mbao zake wakakuta nyingine ni za mti wa Afrika, ndugu wa mbambakofi wetu. Mbambakofi jamani. Ule tunaochongea milango. Na al-Idrisi, yule mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Zabaj, jina ambalo Waarabu waliviita visiwa vya upande huo, walikuwa wanakuja pwani ya Zanj, yaani kwetu huku, kufanya biashara na wanaelewana kwa lugha. Sijui walielewana vipi, ila mie siku tano nilizokaa nimeelewana nao kwa maneno ambayo nilidhani ni yetu peke yetu. Kabar ni habari. Waktu ni wakati. Sabun, kertas, dunia, miskin, hayo hata mtoto anayabahatisha. Lakini niliposikia nahodha wa boti anaitwa nakhoda, na mji wa bandari ni bandar, na msimu ni musim, nywele zilinisimama kidogo.

Musim ndo neno la huu mji kwa kweli. Mwaka 671 alipita hapa mtawa mmoja wa Kibudha, Mchina, Yijing, kijana wa miaka thelathini na kitu, anakwenda India kutafuta vitabu vya dini. Alitoka Guangzhou na merikebu ya Waajemi, hazikufika siku ishirini akawa ameshuka Srivijaya. Alafu akakaa miezi sita anasoma sarufi ya Kisanskriti. Akaenda akakaa sehemu inaitwa Malayu miezi miwili, hiyo wengi wanasema ndo Jambi, mji nitakaoufikia huko mbele. Baadae akafika India akasoma chuo cha Nalanda kama miaka kumi, akarudi tena hapa, akaandika kwamba kuna watawa zaidi ya elfu moja wanaosoma mambo yaleyale yanayosomwa India, na kwamba Mchina yeyote anayetaka kwenda India bora asimame hapa kwanza mwaka mmoja au miwili ajinoe. Mtu wa pwani ukisoma hivyo unajua palivyokuwa, ni mahali pa kungoja upepo. Lamu ilikuwa hivyo, Unguja ilikuwa hivyo, Waarabu wanakuja na kaskazi wanarudi na kusi, katikati hapo wanaoa, wanasomesha chuoni, wanaacha madeni.

Na kuna kisa chake kimoja lazima nikiseme. Mwaka 689 Yijing alikuwa anatafsiri vitabu, akaishiwa karatasi na wino. Akaenda bandarini, akapanda kwenye chombo kinachokwenda China ili aache barua, kaka zangu naomba mniletee karatasi na waandishi. Upepo ukakubali, nahodha akang'oa nanga, Yijing yumo ndani! Akajikuta Guangzhou bila kutaka, vitabu vyake vyote kaviacha Palembang. Ikabidi aokote wasaidizi wanne kule kwao apande tena meli arudi mwaka uleule. Mimi nilishawahi kumsindikiza shangazi kwenye boti ya Pemba nikakaribia kuondoka nae kwa hivohivo, kwaiyo yule mzee namwelewa sana.

Kuhusu kula nitasema kidogo japo ningeweza kuandika ukurasa mzima. Pempek ni samaki alosagwa na unga wa sago, anachemshwa, alafu anakaangwa, unamla na mchuzi mweusi wa kuchovya unaitwa cuko (tamka chuko), wa siki, pilipili, kitunguu saumu na sukari nyeusi inayofanana na sukari guru yetu. Kuna pempek kubwa ina yai zima ndani wanaiita kapal selam, nyambizi. Watu wanakula asubuhi, mchana, usiku, na wakimaliza samaki wanabeba kibakuli wanakunywa ule mchuzi kama supu. Niliwaiga, nikakohoa dakika tano, mama muuzaji akanipiga mgongoni akaniita anak, mwanangu.

Jumatatu nikataka kwenda Pulau Kemaro, kijisiwa katikati ya mto chenye pagoda ya ghorofa tisa. Nikapatana na mwenye ketek, ni mtumbwi wa injini, jina limetokana na mlio wake, tek tek tek tek. Bei laki moja na nusu za rupia kwenda na kurudi, tumekubaliana, tumepeana mkono. Tumefika kule ananambia ile ilikuwa ya kwenda tu. Niko katikati ya mto mpana kama bahari, nimezungukwa na maji, naanza kubishana kwa Kiindonesia cha maneno arobaini. Nikalipa. Kuna mambo hayana utaifa.

Pagoda ni mpya, ya 2006, ila hadithi yake ni ya zamani na watu wanaisimulia kama jana. Tan Bun An, kijana tajiri wa Kichina, alimpenda Siti Fatimah wa Palembang. Wazazi wa kijana wakatuma mahari, mitungi saba imejaa dhahabu, lakini kwa kuogopa maharamia wakafunika juu mboga za achari. Kijana akafungua, akaona mboga zimeoza zinanuka, kwa aibu akatupa mtungi mtoni, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho ukaangukia sitahani ukapasuka, dhahabu ikamwagika. Akajirusha majini kuifata. Mtumishi wake akamfata. Siti Fatimah nae akajirusha. Hapo walipozama ndo kisiwa kikaota. Na unajua kitu gani, miaka ya karibuni wavuvi wa Musi wanaopiga mbizi kwenye tope na mpira wa hewa mdomoni wamekuwa wakipandisha dhahabu kweli, pete, shanga, sarafu, sanamu za Kibudha, vingi vinauzwa kimyakimya kabla mtu wa makumbusho hajanusa. Mji mzima upo chini pale.

Jioni nikapita mtaa wa Al-Munawar, upande wa 13 Ulu, kijiji cha Waarabu kando ya mto, nyumba kubwa za mbao zilizogeuza uso majini, nyingine zina umri zaidi ya miaka 200. Wenyewe asili yao Hadhramaut, kule Yemen. Nimekaa barazani mzee mmoja akaniuliza natoka wapi, nikasema Zanjibar, akaita watu ndani waje. Kahawa ikaja, tende zikaja. Nikawaambia babu yangu mzaa mama alikuwa Mshihiri, mtu wa hukohuko, akiuza kahawa Darajani na deli lake la shaba, yule mzee akapiga paja, akaanza kuniuliza ukoo, akataja koo tano sita na mbili kati ya hizo zipo mtaani kwetu mpaka leo. Nilikuja kutafuta Wabudha nikaishia kutajiwa jirani zangu.

Jumanne safari ya Jambi. Kati ya miji hii miwili ni kilomita kama 270, watu wanapanda gari ndogo za kuchangia wanaita travel, waliniahidi saa sita. Tulikaa njiani saa kumi na moja. Mvua, lori limelala kifudifudi barabarani, alafu dereva akapita kumpelekea mkwe wake gunia la mchele, alafu gari ikachemsha. Dirishani ni michikichi tu, michikichi, mipira, michikichi. Kilichonifariji ni wauza matunda, maana Januari ndo msimu, duriani zimepangwa chini kama mabomu na shokishoki mafungu kwa mafungu. Wao shokishoki wanaita rambutan. Abiria mwenzangu aliponiona nalibandua ganda kwa kidole gumba bila kuuliza alishangaa, nikamwambia bwana, haya kwetu yanaota uani.

Jambi ni mji mtulivu kuliko Palembang, mto wake Batang Hari, mrefu kuliko yote Sumatra, kama kilomita 800. Kuna daraja la waenda kwa miguu limepinda kama herufi S, linaitwa Gentala Arasy, jioni watu wote wanahamia juu yake kula mahindi ya kuchoma. Chini yao yanapita matishari ya makaa ya mawe, moja baada ya jingine, meusi, yamezama mpaka ukingoni, mpaka usiku.

Jumatano, siku yangu ya mwisho, ndo Muaro Jambi. Kilomita kama 26 kutoka mjini, kijijini, ukingoni mwa mto. Na hapa ndugu zangu mawe yapo, yaani matofali. Eneo zima karibu hekta elfu nne, mahekalu machache yamefukuliwa na kukarabatiwa kuanzia miaka ya 70, vichuguu zaidi ya themanini vimelala chini ya miti na minazi na mashamba ya watu, wenyeji wanaviita menapo. Unakodi baiskeli kwa bei ya soda mbili. Nilipata baiskeli ambayo breki yake ilikuwa miguu yangu.

Nilianza na Candi Gumpung na Candi Tinggi (candi ndo hekalu kwao), matofali mekundu, hakuna mapambo, vimekaa kwenye majani ya kijani kama keki zilizosahauliwa. Ndani ya Gumpung chini ya msingi walikuta vipande vya dhahabu vimeandikwa majina ya miungu ya Kibudha, na sanamu ya Prajnaparamita, mama wa hekima, haina kichwa, lakini mikunjo ya nguo yake mapajani unaweza kuihesabu. Kuna matofali yamechorwa kabla hayajakauka, maua, herufi, mistari ya mtu aliyeboeka. Niliweka kidole ndani ya mchirizi mmoja. Kidole kiliingia sawasawa, kwaiyo aliyechora alitumia kidole chake, na chake kilikuwa kama changu.

Nikaendesha mpaka Candi Kedaton ndani kabisa, njia ya udongo, mbu, duriani zinaanguka puu! unaruka. Huko walifukua sufuria kubwa ya shaba, ipo makumbusho, ukiiona unajua hapa palipikwa chakula cha watu wengi, ni sufuria ya pilau ya harusi kabisa. Nadhani hiyo sufuria ilinisogezea wale watawa kuliko mahekalu yote. Watu wanaamka, wana njaa, kuna mtu zamu yake ya jiko.

Watu wa Jambi wanaamini hapa ndo alipofundisha Dharmakirti, ambaye Watibeti wanamwita Serlingpa, mtu wa Kisiwa cha Dhahabu. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Atisha, Mbengali, mwanachuoni ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kwao. Akapanda meli na wenzake, vitabu vya Tibet vinasema safari ilichukua miezi 13 ya mawimbi na dhoruba, akaja kukaa kwa huyu mwalimu miaka 12, mpaka 1025. Alichokuja kujifunza si sarufi. Ni namna ya kumtanguliza mwenzio mbele ya nafsi yako, kujiweka mahali pake, uchukue machungu yake umpe raha yako. Baadae 1042 Atisha akafika Tibet na somo hilo, na mpaka leo kule milimani kwenye theluji wanalisoma wakimtaja mwalimu wa kisiwa cha joto ambacho hawajakiona. Karibu na wakati huohuo alioondoka, 1025, mfalme Rajendra Chola wa India Kusini akaleta majeshi kwa bahari akaishambulia Srivijaya, na baada ya hapo uzito wa dola ukahamia Jambi polepole.

Siku hizi kijiji chote ni Waislamu, na mwezi wa sikukuu ya Waisak wanakuja Wabudha kutoka pande zote wanasali kwenye matofali yale, wanakijiji wanawauzia maji na kuwaonesha njia. Kijana aliyenikodisha baiskeli anajua historia yote kwa kichwa, akanionesha kwa hasira malundo ya makaa ya mawe na magari yake ndani kabisa ya eneo, yapo karibu na vichuguu ambavyo havijafukuliwa. Eneo liko kwenye orodha ya kungojea ya UNESCO tangu 2009. Akasema, Kak, tunangoja. Nikamwambia nyie na upepo mshazoea kungoja, akacheka ila si sana.

Usiku nikaruka Jambi kwenda Jakarta, na Alhamisi Jakarta kurudi nyumbani. Chupa ya cuko niliyonunua Palembang nilikuwa nimeifunga na mifuko mitatu, ikavuja hivohivo, semina nzima ya mwani, makabrasha na cheti, inanuka siki na kitunguu saumu. Iliyobaki nikampa mama nimemkaangia na samaki. Akaonja kwa ncha ya kidole, akafikiri, akaniambia hii imepungua ukwaju, akaenda jikoni akaongeza, sasa anaila na muhogo wa kuchemsha na nusu ya chupa imeshakwisha.